Mjomba wa Siku Moja

Tangu Songea nimeupakata ungo,
siku mbili, na usiku ule wa Singida wenye baridi ya chuma.
Bibi yake Skolastika aliufunga kwa khanga kuukuu,
akasema: Usieleze kitu. Fika, mpe mama mwenye nyumba,
kaa chini, ule.
Nami nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tu: kula.

Sirari wakatusimamisha.
Mjomba Mbano, msemaji wetu, koti jeusi la mitumba,
methali kumi na nne amezikariri kwa ajili ya ng'ombe,
hakuwa na kadi ya homa ya manjano.
Akajipapasa mifuko yote, hata ule uliotoboka.
Askari akauinua ungo wangu juani: "Huu nao ni nini?"
Ungo, nikasema. Akagonga muhuri.
Nikabadili shilingi kwa shilingi,
jina lile lile, bunda likageuka noti mbili.
Mjomba, nyuma ya kamba, akapaza sauti:
"Wewe ndiye mimi sasa! Usikubali haraka!"

Kutoka Kisii barabara iliteremka
mpaka nchi ikalala bapa, Ahero,
na ndani ya majaruba ya mpunga
yangeyange wakitembea kama wasimamizi wa mtihani.

Skola alinikimbilia na rola kichwani.
"Mjomba yuko wapi?"
Nikajigusa kifua. Akacheka mpaka akalia,
kisha akalia tu.

Nikamwamkia mama mkwe: Shikamoo.
Akajibu, "Mzuri sana."
Samahani, nikasema, naomba, kama itawezekana, maji ya kunywa.
Watoto wakanizunguka kama wanaosikiliza redio.
Odindo, ambaye Morogoro tulimfundisha kusema "naomba",
naye akatufundisha kula kichwa cha samaki,
akaninong'oneza: "Huku unasema tu, leta maji."

Turubai. Wazee upande wao, kumi na mmoja.
Upande wetu: mimi, viti vitupu vitano,
na mwalimu wa shule ya jirani, wa kuazima,
ili nisionekane yatima.
Wakataja ng'ombe. Nikakumbuka, usikubali haraka,
nikanyamaza. Nikanyamaza mno
hata wakaongeza mbuzi.
Sikuwa na methali. Mimi hufundisha kemia.
Nikasema: Huyu binti akikasirika
hufua hata nguo zilizo safi.
Msimwulize. Mwacheni afue.
Mtu akatafsiri. Mama mmoja nyuma akasema, "Eee."

Ndipo nikautoa ungo.
Mama Odindo akaugeuza, akapitisha kidole
pale bibi alipoushona kwa uzi wa gunia.
"Odheru," akasema.
Ungo, nikasema.
Hakuutundika ukutani. Aliutia mchele hapo hapo,
akapeta, pumba zikaniangukia viatuni,
na tangu hapo hakuna aliyemwita Skola:
Nyar Songea, shika hapa. Nyar Songea, chumvi.

Usiku simu ikaita. Mjomba, bado Sirari, nyumba ya wageni.
"Wangapi?"
Nikamtajia. Nikasikia akihesabu.
"Na mbuzi?"
Na mbuzi.
"Ulitumia methali ipi?"
Nikatazama gizani, ambako vyura wa majaruba
walikuwa wakipatana mahari yao bila mjomba yeyote.
Ile ya nane, nikamwambia.
"Nilijua," akasema. "Ile haijawahi kuniangusha."