Jumanne, Saa Nne

Barua ilisema: saa kumi, asubuhi.
Kwangu saa kumi ni giza bado, ni zamu ya tanuri,
ni trei za mikate mia tatu, na mvua ya Glasgow
ikipiga bati la kiwanda.
Mwanaesha akanirekebisha: ni saa nne, mume wangu.
Hawa huanza kuhesabu usiku wa manane.

Barua ilisema pia: mtoto amechelewa.
Nikauliza, kwa saa ya nani?
Hakucheka. Alikuwa akikunja nguo za Rukia,
za miezi tisa, zingali zikimtosha,
na Rukia ana miezi kumi na tisa.

Mama akapiga simu toka Mambrui.
Kasemewa huyo. Mlimwonyesha watu mapema.
Watu gani, Mama? Hapa ngazi nzima
ajuaye jina letu ni mleta barua.

Jumanne tatu za kwanza nilijifanya nimelala.
Nilimsikia kupitia ukutani, mgeni wetu,
akitweta kutoka gorofa ya chini,
akivua viatu bila kuambiwa.
Jina lake Shona. Kwetu hiyo ni amri:
shika sindano, shona.
Nilingoja nisikie mashine. Nilingoja ile sauti ya hospitali
inayokupa pole hujaketi.
Nikasikia anauliza: siku yenu huendaje?
Nani humwogesha? Nini humchekesha?

Kimya.
Hakuna aliyewahi kutuuliza kinachomchekesha.

Ni zipu. Zipu ya jaketi langu la kazi,
juu, chini, juu.
Mwanaesha hakuijua, mimi ndiye niliyejua,
na nilikuwa chini ya blanketi na unga kichwani
kama mwizi aliyejificha ghalani.

Jumanne ya nne nikatoka.

Shona hakushangaa. Alikuwa amelala kifudifudi mkekani,
uso kwa uso na mwanangu,
taulo letu la kuogea limeviringwa chini ya kifua cha Rukia
ili kichwa kipate sababu ya kuinuka.
Taulo letu. Lile la bluu, lenye tundu.
Begani kwake hakuwa na kifaa chochote ila mkoba uliolowa.

Nikamuuliza: atatembea?
Akasema: sijui.
Madaktari watano, na hakuna aliyewahi kunipa
jibu safi kama lile.

Akasema saa moja kwa wiki ni yake.
Nikapiga hesabu basini usiku ule:
saa mia na sitini na saba ni zetu.
Niliogopa. Kisha, karibu na daraja,
nikaanza kuzipanga.

Ngumi ya kulia ya Rukia imefumbwa tangu azaliwe,
imekaza kama iliyoshika nauli ya mwisho.
Siku ile Mwanaesha alikuwa amekanda unga wa chapati.
Shona akanusa, akasema, leteni hapa.
Nikamweka mtoto mapajani, nikamkandia donge,
la vuguvugu, la mafuta kidogo,
mkono wangu juu ya mkono wake,
kazi niifanyayo kila usiku kwa mshahara.
Kidole kimoja kikatoka. Hatukupumua.
Cha pili. Vya mwisho viwili vikaja pamoja.
Kidole gumba kilibaki ndani.
Mpaka leo kimo ndani.

Nilipomsimulia Mama, hakutaja macho ya watu.
Alinyamaza, nikamsikia akipenga kamasi, akasema:
hauchi, hauchi, unakucha.
Kisha akauliza kama tunampaka mafuta ya nazi.

Chapati ile ilitoka na alama nne,
ikaungua upande, kwa kuwa sote
tulikuwa tukitazama mkono, si kikaango.
Tuliila. Shona naye akamega,
akajifuta vidole kwenye suruali,
akatazama saa yake, nami yangu,
akaanza kutafuta kiatu cha pili.
Rukia alikuwa amekilalia.