Namba Tisa

Machi, banda la miche nje ya Ledbury,
mvua ya mawe juu ya bati,
redio ya Prosser inakoroma bei za kondoo.
Mezani mashina mia mbili yasiyo na jina,
mizizi imefungwa kwa gunia bichi.
Haya ni namba tisa, anasema,
usiyachanganye na yale ya ishirini na tano:
haya yatakupa mti wa kuchuma umesimama,
yale yatakudai ngazi.

Juu ndiko kwenye jina. Chini ndiko kwenye kimo.

Nakata mshazari mrefu,
kidole gumba kimevaa kiraka cha mpira,
kisha ulimi, kikonyo kinase,
gamba kwa gamba,
na ule ute mwembamba wa kijani
lazima umguse mwenziwe kabla haujakauka.
Kwetu kazi hii huitwa kubebesha.
Prosser akataka maana.
Nikachukua utepe, nikazungusha mara sita,
nikamgeuzia mgongo: mbeleko.
Akacheka, akauliza mtoto ni yupi.
Wa juu, nikasema. Si ndiye anayeitwa?

Wifi yangu wa Leicester, nilipompigia:
"Basi ndiyo sisi hao, tumebebeshwa ugenini."
Hapana, Mwantumu. Mimi sikukatwa kichwa
nikapewa cha mtu.
Nilikuja mzima. Baridi yabisi ndiyo nimeipatia hapa.

Ikifika Juni shina husahau adabu:
huchipua chini ya kovu
majani yake mwenyewe, madogo, ya hasira.
Amri ni kung'oa,
yanakula riziki ya mwenye jina.
Niling'oa. Safu kumi na nne niling'oa.
Safu ya mwisho, karibu na pampu,
nilisahau chipukizi moja.
Nikalisahau miaka mitatu mfululizo,
na kila mwaka nilijua nimelisahau wapi.

Septemba hii limezaa.
Tufaha moja, manjano,
ubavu umeliwa na nyigu.
Nikalipasua kwa kisu kilekile cha kubebeshea.
Laini mno. Utamu wa kuazima, majimaji.
Hakuna soko litakalolitaka.
Prosser akapokea kipande, akatafuna taratibu,
kofia mkononi kama aliyeingia msibani.
"Miaka arobaini na moja," akasema,
"na sijawahi kulionja."
Akatema mbegu kiganjani,
akazihesabu, nadhani,
akazitia mfukoni
akaenda kuzima pampu.