Damu Itapita Wapi

Kliniki ipo orofa ya pili ya kiwanda
alimosimama mama yangu miaka ishirini na tisa.
Łódź imeyasugua matofali yake mekundu, ikatia vioo vipya,
na pale mlangoni, alipokuwa bawabu Zenobiusz
akipekua mikoba ya wanawake wakitoka zamu,
imewekwa mashine ya kahawa.

Mama hasemi kitu. Anavua soksi.
Mguu wa kushoto: tangu gotini hadi kifundo
mishipa imejikunja kama uzi uliomponyoka mtu,
ya buluu, ya zambarau, pengine nyeusi tii.
Tangu nikiwa darasa la tatu sijauona mguu huu.
Alikwenda harusini na suruali. Alikwenda ziwani na suruali.
Niliwahi kudhani ni ushamba.

Daktari Wierzba, kijana, kucha fupi,
anamsimamisha juu ya kigoda na kumchora kwa kalamu
mto wote ule na vijito vyake.
Hapa vali imelegea, anasema, damu inapanda kisha inarudi,
inarudi, inakaa.
Mama anaitikia kwa kichwa. Kupanda na kurudi anakujua:
mitambo kumi na miwili kwa zamu,
huku na huko, sakafu ya saruji,
pamba puani, kelele
hadi wakajifunza kusema kwa midomo tu.

Sindano ya ganzi, kisha nyingine, kisha nyingine.
Kwenye kioo cha ultrasaundi naona weusi wa mshipa
na ndani yake uzi mwembamba ukipenya
kutoka kitundu cha punje ya mtama
hadi karibu na kinena.
Hakuna kisu. Shuka haina doa.
Nchani mwa uzi kuna mwanga, na mwanga una joto,
nao unarudi nyuma taratibu
ukiufunga mshipa kila unapopita,
kama mtu anayezima taa za ukumbi akielekea mlangoni.

"Na damu," mama anaiuliza dari, "itapita wapi?"

"Itapata njia nyingine, bibi. Ipo mishipa ya ndani, mizima."

Mama anacheka. Si kicheko kirefu.
"Mwaka wa tisini na mbili, walipofunga hapa,
walituambia hivyohivyo."

Kijana hajui acheke au aendelee.
Anaendelea.

Nusu saa baadaye amevishwa soksi ya kubana hadi pajani
na kuamriwa atembee, asikae, atembee.
Nilidhani tutatoka nje, uani miti imeanza kuchanua.
Yeye anaishika korido. Hatua nane, anasimama.
Hatua nane, anageuza bega kidogo
kana kwamba anapisha kitu kilichokuwa hapo.
Midomo inamchezacheza: Genowefa. Lucyna. Pelagia,
majirani wa mitambo, bila sauti,
nami nyuma yake nimebeba viatu
najaribu kuyasoma.

Kwenye ukuta wa mwisho anageuka.
Anavuta ukingo wa soksi, anausugua kwa vidole viwili
kwa muda mrefu kuliko alivyomsikiliza daktari.

"Haya," anasema. "Nzuri. Imebana sawasawa.
Ila huyu aliyefunga mshono
alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."