Mla Jana Kala Nini

Methali huuliza kwa kejeli, kama mtu anayefunga mlango:
mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Mimi nalipwa mshahara nijibu.

Beverley, mwezi wa pili, ghorofa ya chini ya ardhi.
Mvua ya barafu inagonga kidirisha cha juu,
na mezani, juu ya sponji nyeusi,
mwanamke wa kaburi la mia mbili na kumi na nne.
Jina hana. Kanisa liliandika waliolipa.
Daktari Osgerby humwita Yule wa Ukutani
kwa kuwa nyayo zake zilikutwa zimegusa msingi,
kana kwamba alijinyoosha usingizini.

Miaka thelathini na mitano hivi, nyonga inasema.
Hajavunjika popote ila kidole kimoja,
kikaunga kombo.
Muundi wa kushoto umepinda: utoto wa ndani, jua haba.
Kwenye paa la tundu la jicho
pana vitobo vidogo kama vya chujio la chai.
Damu yake ilikuwa nyepesi, na mfupa
ulijichimba kutafuta nyingine.

Ukoga wa gego naukwangua kwa sindano.
Mswaki ungetunyima haya yote.
Chini ya hadubini: wanga wa shayiri,
vumbi la jiwe la kusagia,
masizi ya moto uliowashwa chumbani bila dohani.
Jino la mbele lina mfereji mwembamba
alipopitisha uzi, akaulowesha, akaukata,
siku baada ya siku,
mpaka jino likakubali kuwa chombo cha kazi.

Halafu chonge.
Mistari miwili imekatiza ng'ao yake,
mmoja wa umri wa miaka miwili na nusu, mwingine minne.
Hapo mwili uliweka mwiko na pimamaji chini
ukangoja chakula.
Chakula kilichelewa, lakini kilikuja,
maana juu ya mstari ujenzi unaendelea.

Mfupa hujibadilisha mwaka hadi mwaka,
nyumba inayokarabatiwa wenyewe wamelala ndani.
Jino halina tabia hiyo. Likishaota limekula kiapo.

Kwa hiyo mbavu zake zinasimulia jingine.
Mashine imetema namba usiku kucha
na namba zimepanda: samaki wa bahari, kwa wingi,
miaka yake ya mwisho.
Osgerby anasema, ni Kwaresima tu, mifungo ya kanisa.
Mimi nasema alipata mtu.
Mashine haimuungi mkono yeyote.

Yangu yana rangi ya kahawia.
Maji ya Ngarenanyuki, kisima cha nyuma ya shule,
chumvi ya mlima tuliyoinywa bila kuijua.
Nilipofika bweni la mjini wakaniita Chai ya Rangi,
nikajifunza kucheka kwa kiganja.
Juzi daktari wa meno wa mtaa wa Toll Gavel
alinionyesha kadi ya weupe, vipande kumi na sita
vimepangwa kama vigae vya dukani,
akataja paundi mia tatu na arobaini.
Nikasema nitafikiri.
Sijafikiri. Nimekuwa nikimtazama huyu.

Siku wakinifukua mimi, pembeni mwa barabara fulani mpya,
mbavu zitaapa kuwa nilikuwa mwenyeji:
mkate, viazi, maziwa ya ng'ombe wa Yorkshire.
Meno yatasema, mwulizeni vizuri,
huyu alilelewa na kisima kingine.

Saa saba. Namfunika kwa karatasi laini,
fuvu mwisho, kama anavyotaka Osgerby.
Nanawa mikono, napanda ngazi,
nafungua kopo la sadini kwenye benchi lililolowa.
Mla leo ni mimi.
Natafuna polepole, upande wa kushoto;
gego la kulia linaniuma tangu Jumapili.