Sanduku la Lari Mia Sita

Nililinunua siku ya mshahara, duka la karibu na Daraja Kavu:
sanduku la mbao lenye bawaba za shaba,
tyubu ishirini na nne zimelala kwenye mahameli
kama watoto wa tajiri ambao hawajawahi kuchafuka.
Brashi ya manyoya ya kicheche.
Karatasi ya pamba, nzito kama shuka la hospitali.
Lari mia sita. Mke wangu aliuliza mara moja tu,
akanyamaza, na kile kimya ndicho kilichokuwa ghali.

Darasani, chumba cha chini ya ardhi, mtaa wa Vera,
Mzekala alikaa kando yangu, unga wa tanuri bado kwenye nyusi.
Alikuwa amevunja kalamu za wino za mwanawe
akazikamulia katika vifuniko vya chupa.
Brashi yake, ile ya kupakia yai juu ya mkate.
Karatasi, ile ya kufungia mikate, ina mafuta pembeni.

Aliyetukalia ni Bi Lamara, mtunza makoti wa jumba la opera,
lari kumi kwa saa, taya lake kama mlango uliokwama.
Mimi nikachora sanamu ya nta yenye macho mawili sahihi.
Yeye alipitisha mkono mara tisa, nilihesabu,
na Lamara akawa pale, karibu akuulize namba ya koti lako.

Mchagua jembe si mkulima:
nilijisomea hukumu hiyo nikipanda ngazi,
sanduku likinigonga paja.

Lakini hayakuishia hapo.
Picha zote mbili zilitundikwa ukumbini, dirisha la kusini,
na jua la Tbilisi mwezi Agosti halina adabu.
Mwaka wa kwanza midomo ya Lamara wa Mzekala ikapauka.
Wa pili, shavu likaondoka bila kuaga.
Wa tatu, mafuta yamekula karatasi,
na taya lile, taya lile lenyewe, likabaki alama ya moshi.
Yangu? Mbichi kama siku ya kwanza.
Kiwanda kiliahidi miaka mia, na kiwanda kinasema kweli:
miaka mia watu watapita ukumbini pale
wakitazama jinsi nisivyojua kuchora.

Bi Lamara alifariki majira ya baridi.
Mwanawe alikuja, akasimama mbele ya ile iliyofutika,
muda mrefu. Yangu hata hakuigeuzia shingo.

Jumanne nikapeleka sanduku jikoni kwa Mzekala.
"Mchore tena," nikasema, "mara hii abaki."
Akanawa mikono mara mbili. Akafungua tyubu,
akatoa tone la ukubwa wa punje ya mtama,
na mkono ule wa mipigo tisa ukaanza kutetemeka.
Alipaka kama mtu apitaye na viatu juu ya zulia la wenyewe.
Lamara akatoka mkavu, mwoga, kama wangu kabisa.
"Kila nikigusa," akasema, "nahesabu mikate."

Basi nikachukua nyekundu, ile ya lari arobaini,
nikaiminya juu ya sahani ya supu,
yote, mpaka tyubu ikalala bapa kama ulimi wa kiatu.
"Hii imeshaharibika," nikamwambia. "Haina bei tena."
Akacheka, akanitukana Kijojia, tusi la tanurini,
akaweka kando brashi ya kicheche, akachukua ile ya yai.

Mpigo wa kwanza ulikuwa taya.