Nyundo ya Msabila

Miaka thelathini na mitatu
nimekuwa naingia chini ya mabehewa na nyundo hii
yenye mpini mrefu wa mninga,
nagonga, nasikiliza.
Gurudumu zima huimba, ngaa,
sauti ikaenda hadi Cheyo ikarudi imechoka.
Gurudumu lenye ufa haliimbi.
Hukohoa. Tko.
Ukishaisikia hiyo tko unachora msalaba kwa chaki
na behewa haliendi popote,
hata kama ndani amelala waziri.

Sikusoma sana. Nimesoma chuma.

Mwezi wa saba akaja kijana wa mfuko,
kompyuta kaikumbatia kama kichanga,
akatukusanya karakana ya Tabora
akatandaza kikokotoo ukutani kwa mwanga.
Tarakimu zikapanda, zikagawanywa, zikashuka,
na chini kabisa, mkupuo wangu,
umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.
"Mkupuo unapungua," alisema, "ila pensheni ya mwezi inanenepa.
Mkiishi sana mtafaidi."
Ntahondi, fundi breki, Muha wa Kasulu, akanyoosha mkono:
"Na tusipoishi sana?"
Kijana akanywa maji.

Mimi nikaigonga ile hesabu kichwani.
Tko.

Nyumba yangu ya Isevya iliishia kwenye linta
tangu mwaka ule mafuriko yalipobeba tuta la reli.
Nilimwambia Kalunde, bati tutaezeka kwa mkupuo.
Akaanza kupanda maboga vyumbani, maana mvua inaingia bure.
Sebule imestawi.
Siku niliyomweleza habari za kikokotoo
alivuna chumba chetu cha kulala, maboga sita,
akayapanga kizingitini kwa ukubwa
kama watoto wa shule mstarini,
akaniuliza, "Lipi na lipi ndiyo theluthi?"

Jumatano tuligoma.
Hapakuwa na hotuba. Ntahondi alivua buti
akaziweka juu ya reli, pua zikielekea treni,
nasi tukafuata: buti sitini na kitu
zikiikodolea macho treni ya Kigoma.
Abiria walitutukana hadi adhuhuri.
Mama mmoja wa Uvinza, mwenye madumu ya asali,
aliitazama miguu yetu, akasema,
"Kumbe nanyi mna magaga,"
akatugawia matobolwa,
kisha akaendelea kututukana.

Usiku wakaleta dereva asiyetujua.
Buti zikasukumwa kando kwa fagio.
Injini ikaanza kunguruma
na watu mia sita walikuwa wamelala
juu ya magurudumu ambayo hakuna aliyeyajulia hali.
Ningefanyaje? Mgomo ni mgomo.
Lakini sikio halina chama.
Nikaingia chini, pekupeku, na nyundo yangu,
wenzangu wananiona, hakuna aliyeniita jina.
Ngaa.
Ngaa.
Ngaa.
Behewa la tano, kushoto, nyuma

nikatoa chaki.

Dereva alishuka na tochi,
akautazama msalaba kwa muda mrefu,
akarudi kuzima injini.
Kimya kilichofuata sijakisikia tena stesheni ile:
mtoto akikohoa dirishani,
vyura wa mtaroni,
na moyo wangu, ambao sikuthubutu kuugonga.

Ntahondi hakuniuliza
kama nimewasaliti au nimegoma kuliko wote.
Hata mimi sijui.
Alisogea tu, akasogeza na buti zake,
nikapata pa kukaa.

Barua yetu haijajibiwa.
Nimebakiza miezi kumi na minne.
Kalunde amezikausha mbegu za yale maboga,
amezitia kwenye kopo la mafuta ya breki,
na anasema mvua zikianza
safari hii atapanda hadi koridoni.