Kumi na Mmoja

Tunakutana Jumanne ya kwanza ya mwezi
chini ya kanisa la Walutheri, chumba chenye harufu ya rangi na kahawa,
wanawake tisa wa klabu ya bustani, na Bwana Pruitt.
Mezani pana sanduku la bati:
fedha zote za Mei, tulipouza miche ya nyanya mlangoni pa posta.
Dola elfu moja mia mbili na sita.
Mimi ndiye mweka hazina. Nimezihesabu mara tatu.

Maombi yamekuja saba.
Shule inataka matuta ya mboga.
Maktaba inataka mawaridi tena, na kibao chenye jina.
Wazimamoto wanataka kivuli cha kukalia wakisubiri moto.
Na bahasha moja ina alama ya kidole cha udongo,
kutoka kwa Ludmila Hrabovsky, Mtaa wa Tanuri,
ule unaogonga ukuta wa kiwanda na kuishia hapo,
kama sote tulivyogonga ukuta siku kilipofungwa
na waume zetu wakarudi adhuhuri,
chakula kwenye mikebe hakijaguswa.

Mwaka jana tulimpa dola mia mbili
apande miti arobaini juu ya kilima cha mavi ya chuma,
kilima cheusi ambacho hata magugu hukipa kisogo.
Fomu yetu huuliza, ukurasa wa mwisho:
*Mimea mingapi imeishi?*
Wote hujibu: yote.
Mawaridi ya maktaba nayapita kila asubuhi.
Si yote.

Yeye ameandika kwa penseli:

*Kumi na mmoja.
Ishirini ilikauka Julai, nilipolazwa kwa ajili ya nyonga.
Sita ililiwa na kulungu. Walikuwa na njaa, sina ugomvi nao.
Mitatu iling'olewa na mtu. Natumaini ameipanda mahali.
Iliyoishi yote ni ya gome jeupe, mibetula,
upande wa kaskazini, theluji inapochelewa kuyeyuka.
Mwaka huu nitapanda huko tu.
Naomba dola sitini, na mpira wa maji, futi mia mbili.
Nyonga sasa ni ya chuma. Haitanisumbua.*

Mwenyekiti wetu, Bi Stahl, akavua miwani.
"Robo," akasema. "Hata robo kamili ni kidogo.
Fedha za watu hazimwagwi jivuni."
Vijiko vikakoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa.
Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandika *hapana*
pembeni, kwa herufi ndogo.

Bwana Pruitt hasemi. Huleta keki, hupanga viti, huondoka.
Siku hiyo alisimama, kofia mkononi.
"Kilima kile nilikimwaga mimi," akasema,
"behewa baada ya behewa, usiku,
kikiteremka chekundu hadi madirisha ya mtaa mzima yakawaka.
Miaka thelathini na mmoja.
Hakuna fomu iliyoniuliza pataota nini."
Akaketi. Kisha akainuka tena:
"Mpira wa maji ninao. Una tundu moja, nitaliziba."

Hatukupiga makofi. Sisi si watu wa hivyo.
Mikono ilipanda, wa Bi Stahl wa mwisho,
nami nikafuta neno langu kwa kifutio
hadi karatasi ikatoboka.

Aprili nilipanda kilima, viatu vikijaa changarawe kali.
Miti yenyewe, niseme ukweli, ni fimbo.
Hainifiki kiunoni. Mmoja umeinama kama anayetafuta sarafu.
Lakini kwenye vifundo palikuwa na kijani,
kidogo, cha kunata, ukikigusa kinabaki kidoleni.
Chini, Ludmila alikuwa akivuta mpira, Pruitt akisukuma,
wakigombana kwa sauti kuhusu fundo.

Nilihesabu mara tatu, ndiyo kazi yangu.
Kumi na mmoja.
Nikafungua daftari, safu ya matumizi, safu ya mapato,
nikasimama na kalamu pale juu,
upepo ukinigeuzia kurasa.